Ukipewa kazi ya kuhamisha mahakama kutoka majalada ya karatasi kwenda mfumo wa kidijitali, anzia hapa

Kuna jalada moja silisahau. Lilikuwa la mirathi, jembamba, karatasi kama thelathini hivi, tulilikuta nyuma ya kabati la masijala siku tunahesabu mafaili kabla ya kuanza kuskani. Ukurasa wa mwisho wa mwenendo umeandikwa "imeahirishwa, wahusika watajulishwa tarehe", basi, tarehe yenyewe hamna. Miaka minne imepita. Hakimu alishahamishwa, karani akahamishwa, wenye kesi wamekuja wakaambiwa subirini mtaitwa, na hapo kati hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa na nia mbaya, jalada lilirudi tu kwenye rafu bila tarehe na ikawa ndo limepotea hivo.

Toka siku hiyo nikiulizwa mfumo wa kusimamia kesi ni wa kazi gani nawaambia ni wa kazi hiyo. Kesi yoyote iliyo hai iwe na tarehe inayofuata, iwe na mtu anayejulikana kuwa iko mikononi mwake, na kama leo haikuendelea iwe na sababu iliyoandikwa. Kuskani, kufungua kesi kwa mtandao, kusikiliza kwa video, yote mazuri na yote nayapenda, ila ukiyafanya yote ukaacha hayo matatu utakuwa umelibeba lile kabati ukaliingiza ndani ya kompyuta.

Kwa hiyo haya ni maelekezo ya mtu aliyefanya hii kazi, nimeyaandika kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo.

Kabla ya kompyuta, fuata jalada kwa miguu

Chagua kesi moja ya madai na moja ya jinai, za kawaida kabisa, alafu tembea nazo kuanzia dirishani mpaka hukumu. Mtu analeta hati ya madai, karani anaikagua, anapiga muhuri, anaandika kwenye rejesta, ada inalipwa, jalada linafunguliwa, linapanda kwa msimamizi kupangiwa hakimu, linashuka, samansi inachapwa, inasubiri sahihi, inasubiri mtu wa kuipeleka, inarudi na kiapo cha aliyeipeleka, kiapo kinatakiwa kiingie kwenye jalada na hapo mara nyingi unakuta jalada lenyewe liko kwa hakimu kwa hiyo kiapo kinalala kwenye trei ya mtu. Andika kila mkono uliolishika. Na muhimu zaidi andika muda wa kusubiri kati ya mkono na mkono, manake kupiga muhuri ni sekunde mbili lakini kusubiri sahihi kunaweza kula wiki nzima.

Hiyo karatasi utakayotoka nayo ndo msingi wa mradi wako wote. Utaona sehemu ambazo mfumo utasaidia (samansi kujichapa yenyewe kutoka kwenye taarifa zilizopo, kiapo kuingia moja kwa moja) na utaona sehemu ambazo mfumo hautasaidia chochote kwa sababu shida ni utaratibu. Kama sahihi ya mtu mmoja inahitajika kwenye kila samansi, na huyo mtu ana vikao siku tatu kwa wiki, kumpa kompyuta haitobadilisha kitu, badilisheni kanuni kwanza nani anaruhusiwa kusaini. Ukiingiza utaratibu mbovu kwenye mfumo unaugandisha, baadae kuutoa ni gharama na kila mtu atakwambia "mfumo ndo umekataa".

Pita pia kwa makarani wa siku nyingi. Kila masijala ina mtu ambaye ana daftari lake binafsi, la mkono, anaandika vitu ambavyo rejesta rasmi haina nafasi yake. Muombe akuonyeshe. Lile daftari ndo orodha ya mahitaji ya kweli kuliko ripoti yoyote ya mshauri.

Namba ya kesi na orodha ya sababu

Hapa watu wengi wanapita haraka, mimi naomba ukae sana.

Namba kwanza. Kesi ikihama mahakama au ikipanda rufaa mara nyingi inapewa namba mpya na ile ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu za watu, matokeo yake kesi moja ina namba tatu na hakuna anayeweza kuifuata toka mwanzo. Tengeneza namba moja ya kudumu inayozaliwa siku kesi inasajiliwa na haibadiliki, namba nyingine zote zining'inie juu yake. India kwenye mradi wao wa eCourts, ulioanza 2007, wanatumia namba inayoitwa CNR yenye herufi na tarakimu 16, inakwambia jimbo, wilaya, mahakama, namba ya mfuatano na mwaka, na mwananchi akiiingiza anaiona kesi yake iko wapi na tarehe ni lini. Si lazima yako ifanane na ile, cha muhimu iwe moja.

Alafu matukio. Kila kinachotokea kwenye kesi kiwe na jina moja tu kwenye mfumo: imesajiliwa, samansi imetoka, samansi imefika, utetezi umewasilishwa, kutajwa, kusikilizwa, imeahirishwa, hukumu, na kuendelea. Ukiacha kila mahakama ijiandikie majina yake, huyu anaandika "imeghairishwa", yule "adj", mwingine "mbele", mwisho wa mwaka huwezi kuhesabu chochote.

Na kwenye "imeahirishwa" ndo weka nguvu zako zote. Weka orodha ya sababu fupi, isizidi kama kumi na tano hivi: shahidi hajafika, samansi haikumfikia mhusika, wakili yuko mahakama nyingine, hakimu ana udhuru, upelelezi haujakamilika, mahabusu hakuletwa, mkalimani hayupo, jalada halionekani, mhusika anaumwa, mazungumzo ya kumaliza nje. Iwepo pia "nyingine" lakini akichagua hiyo lazima aandike maneno, la sivyo ndani ya mwezi kila kitu kitakuwa "nyingine".

Niieleze skrini yenyewe jinsi inavotakiwa iwe. Karani yuko chumba cha mahakama, hakimu kasema kesi inaahirishwa. Karani anabofya kesi, anachagua tukio, anachagua sababu, kalenda inafunguka inamuonyesha siku ambazo hakimu huyo ana nafasi na siku moja ina kesi ngapi tayari, anachagua, anahifadhi. Visizidi vibofyo vitano na visichukue zaidi ya muda wa wahusika kusimama na kutoka. Na kile kitufe cha kuhifadhi kisikubali kama tarehe ni tupu. Hicho kitufe peke yake kingeiokoa ile mirathi. Ukiwa unakagua programu za kununua, usikubali kuonyeshwa grafu za rangi, waambie wakuonyeshe hiyo hatua moja, na mwambie karani wako aifanye yeye mwenyewe mbele yako akiwa na kesi thelathini za asubuhi moja.

Baada ya miezi mitatu vuta ripoti ya sababu. Hapo ndo utaelewa kwa nini nasisitiza. Unaweza kukuta mnalalamika kila siku mahakimu ni wachache kumbe kinachoongoza ni samansi kutofika, na dawa yake haihusiani kabisa na kuajiri hakimu.

Data kwenye fomu, usiridhike na PDF

Kuna tofauti kubwa kati ya kupokea hati ya madai kama PDF na kupokea jina la mdai, jina la mdaiwa, anwani, simu, aina ya madai na kiasi kwenye visanduku vyake. Ya kwanza ni picha ya karatasi, mtu itabidi aisome na aichape upya. Ya pili inajaza rejesta yenyewe, inachapa samansi yenyewe, inatuma meseji yenyewe. Singapore walianza kufungua kesi kielektroniki mapema sana, kufikia 2000 ilishakuwa lazima kwa kesi za madai, lakini mfumo ule wa kwanza ulikuwa umeigiza mno makaratasi, 2013 wakahamia eLitigation ambao umejengwa juu ya fomu za kujaza. We huna haja ya kupita njia yote hiyo, anza na fomu. PDF iambatanishwe tu.

Kuskani: kidogo, kwa mpangilio, na geuza karatasi

Usiskani ghala zima. Najua inavutia, picha za mashine zinapiga kazi usiku na mchana zinapendeza kwenye ripoti, ila utamaliza bajeti kwenye kesi zilizokwisha ambazo hakuna atakayezifungua. Weka siku ya kukata: kesi zote mpya kuanzia siku hiyo zinaingia kwenye mfumo moja kwa moja, kesi zilizo hai zinaingizwa taarifa zake za msingi zote ndani ya muda mfupi (namba, wahusika, hatua, hakimu, tarehe inayofuata) hata kama kurasa hazijaskaniwa, alafu kurasa zinaskaniwa kadiri kesi inavyokaribia tarehe yake. Zilizofungwa zinabaki ghalani mpaka mtu aziombe.

Kwenye kuskani kwenyewe tumia 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi) kwa maandishi, hifadhi kwenye PDF/A ambayo ni aina ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu za muda mrefu (kiwango cha ISO 19005, cha kwanza kilitoka 2005), pitisha programu ya kusoma maandishi ili mtu aweze kutafuta neno. Hesabu kurasa kabla, hesabu baada, mtu wa pili asaini kwamba zimelingana.

Na geuza kila karatasi. Sisi kwenye awamu ya kwanza tuliweka mashine iskani upande mmoja kwa sababu hati zote tulizojaribia zilikuwa zimechapwa upande mmoja, tulienda wiki mbili ndo hakimu mmoja akauliza amri yake iko wapi. Alikuwa na kawaida akifika chini ya ukurasa anageuza anaendelea na kalamu nyuma. Tukarudia majalada yote ya wiki mbili, na nashukuru tulikuwa hatujaruhusu karatasi ziondoke pale jengoni. Kwa hiyo usiharibu wala kuhamisha karatasi mpaka muda wa kutosha upite na sheria ya kumbukumbu iruhusu.

Anza na kipande kimoja kinachouma

Marekani, mfumo wa mahakama za shirikisho wa kufungua na kusimamia kesi kielektroniki, unaoitwa CM/ECF, ulizaliwa 1996 kwenye mahakama moja, Northern District of Ohio, kwa sababu walikuwa wamezidiwa na maelfu ya kesi za mabaharia waliodai kuathirika na asbesto (madini ya nyuzinyuzi yanayoharibu mapafu), makaratasi yanaingia kuliko uwezo wa watu kuyapanga. Hawakuanza na nchi nzima. Walianza pale panapouma, na mawakili wa kesi zile walikuwa wanajulikana na ni wale wale, wakaona inafanya kazi, ndo ikasambaa.

Linganisha na jimbo la California hukohuko. Walitaka mfumo mmoja mkubwa kwa mahakama zote za jimbo, makadirio ya 2004 yalikuwa dola milioni 260, ripoti ya mkaguzi wa jimbo ya Februari 2011 ikaonyesha gharama inaelekea dola bilioni 1.9, na Machi 2012 wakausimamisha baada ya kama dola nusu bilioni kuwa zimeshatumika. Wale walikuwa na pesa na wataalamu. Kwa hiyo we mwenye bajeti ndogo usijidanganye kwamba utaweza kumeza ng'ombe mzima. Chagua mahakama moja, aina moja ya kesi, miezi sita, na mkataba uandikwe kwamba malipo yanafuata kazi inayoonekana inatumika na makarani.

Kwenye mkataba pia andika kwamba data ni mali ya mahakama na mtoa huduma akiondoka anazikabidhi zote kwa mfumo unaosomeka na programu nyingine. Hii ikikosekana siku mkigombana mtajikuta mmefungiwa nje ya kesi zenu wenyewe.

Kanuni ziwahi mfumo

Kabla hujawasha, kanuni za mahakama zijibu maswali haya kwa maandishi. Hati ya kielektroniki ina nguvu sawa na karatasi? Sahihi gani inakubalika? Hati ikitumwa saa tano usiku siku ya mwisho imewahi au imechelewa? Muda unaohesabika ni wa mtu kubofya tuma, wa mfumo kupokea, au wa karani kuikubali? Na mfumo ukizima siku ya mwisho inakuwaje?

Brazil waliyajibu haya kwenye sheria namba 11.419 ya 2006: hati inahesabika imewahi mpaka saa sita usiku wa siku ya mwisho, na mfumo wa mahakama ukishindwa kufanya kazi kwa sababu za kiufundi basi muda unasogea wenyewe mpaka siku ya kazi inayofuata baada ya tatizo kutatuliwa. Nzuri sana, kwa sababu mtu asipoteze haki yake ya rufaa eti kwa kuwa seva yenu ilianguka. Ila ili hiyo iwezekane lazima mfumo utunze na utangaze wazi saa ulizozima, vinginevyo mwananchi atathibitisha vipi?

Watu

Karani anaogopa kwamba kompyuta inakuja kuchukua kazi yake, na kama hujamwambia ukweli mapema atajilinda, ataendelea na rejesta yake ya karatasi pembeni na mfumo ataujaza jioni kwa kukumbuka. Mwambie kazi gani inaondoka (kuandika jina lilelile mara tano) na kazi gani inakuja (kufuatilia tarehe, kusaidia watu dirishani). Mafunzo yafanyike kwenye kesi zake halisi, na mwalimu mzuri kuliko wote ni karani mwenzake aliyeanza mwezi mmoja kabla, akae meza ya jirani, sio mtaalamu anayekuja siku mbili na kuondoka.

Kipindi cha kutumia karatasi na mfumo kwa pamoja kiwe na siku ya mwisho iliyotangazwa. Wiki sita, nane hivi. Kisipokuwa na mwisho kinakuwa cha milele na watu wanafanya kazi mara mbili, wanaanza kuuchukia mfumo na wana haki.

Hakimu naye, mpe skrini mbili, moja ya kusoma moja ya kuandika. Ni kitu kidogo lakini nimeona hakimu aliyekataa kabisa akabadilika wiki hiyohiyo.

Alafu kuna wasio na wakili, wasio na simu kubwa, wasiosoma vizuri, wasioona. Hawa ndo wengi kwenye mahakama za chini na ndo wanaoumia mfumo ukijengwa kwa ajili ya mawakili tu. Acha dirisha moja la karatasi likiwa wazi, karani apokee na amwingizie palepale. Meseji ya kawaida ya simu inatosha kumwambia mtu tarehe, na iandikwe kama mtu anavyoongea: "Kesi yako namba fulani itasikilizwa Jumanne tarehe fulani saa 3 asubuhi, chumba namba 4. Njoo na mashahidi wako." Nimeona meseji za mifumo zilizojaa vifungu vya sheria mpaka mtu anadhani kashtakiwa upya.

Nani anaona nini, na siku giza likiingia

Weka ngazi za kuona toka siku ya kwanza. Kesi za watoto, za ukatili wa kingono, mashahidi wanaolindwa, hizo zisionekane na kila karani mwenye pasiwedi. Kila mtu awe na akaunti yake, marufuku kuazimana, na kila kufungua, kubadilisha, kufuta kubaki na kumbukumbu ya nani na saa ngapi ambayo hata fundi wa mfumo hawezi kuifuta. Upangaji wa kesi kwa mahakimu ufanywe na mfumo kwa bahati nasibu ukizingatia mzigo wa kila mmoja, na msimamizi akibadilisha aandike sababu. Hapo tu rushwa ya kuchagua hakimu inapungua nafasi.

Vitu vya siri kupindukia vinaweza visiingie kabisa. Januari 2021, baada ya udukuzi wa SolarWinds (kampuni ambayo wadukuzi waliipenya programu yake ili waingie kwa wateja wake), mahakama za shirikisho Marekani ziliagiza nyaraka nyeti sana zipokelewe kwa karatasi au kwa kifaa salama na zihifadhiwe kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao wao.

Na Oktoba 2023 mahakama za jimbo la Kansas zilivamiwa kimtandao, mifumo ikawa nje kwa wiki kadhaa, zikarudi kwenye karatasi. Jiulize mahakama yako ingeweza kurudi? Chapa kila Ijumaa orodha ya kesi za wiki inayofuata na iwekwe kwenye droo. Fomu tupu ziwepo. Bekapu iwe sehemu tofauti na jengo, moja isiunganishwe na mtandao, na kila miezi mitatu ijaribuni kuirudisha kweli kwenye kompyuta nyingine mfungue kesi tano muone kurasa ziko zote. Bekapu ambayo hamjawahi kuirudisha msiihesabu.

Mfumo ukishatulia ndo uunganishe na wengine, polisi, waendesha mashtaka, magereza. Rwanda mfumo wao wa kusimamia kesi kielektroniki unaoitwa IECMS, ulioanza 2016, uliwaunganisha hao wote na mahakama. Faida yake kubwa naiona kwa mahabusu: amri ya kuachiwa isisafiri kwa karatasi mtu akalala ndani siku tatu za ziada.

Kupima

Vipimo viwili vya CEPEJ, tume ya Baraza la Ulaya inayoangalia ufanisi wa mahakama, vinatosha kuanzia. Cha kwanza, kesi zilizomalizika gawanya kwa zilizofunguliwa zidisha 100, ikiwa chini ya 100 mlundikano unakua. Cha pili, kesi zilizobaki mwisho wa mwaka gawanya kwa zilizomalizika mwaka huo zidisha 365. Mfano zimebaki 1,200 na mlimaliza 800, unapata kama siku 548, yaani kwa kasi hiyo mngehitaji mwaka na nusu kumaliza zilizopo. Ila angalia, watu wakibanwa na namba wanakimbilia kesi rahisi, ngumu zinazidi kuzeeka na asilimia inapendeza. Kwa hiyo kila ripoti iwe na ukurasa wa kesi 20 za zamani kuliko zote, kwa namba zake, na hakimu wake.

Na ripoti moja ijichape kila Jumatatu saa 2 asubuhi kabla vikao havijaanza: kesi zote zilizo hai ambazo hazina tarehe inayofuata, au tarehe yake imepita na hakuna kilichoandikwa. Iende kwa msimamizi wa masijala na kwa hakimu mfawidhi (hakimu kiongozi wa mahakama hiyo), wote wawili. Mara ya kwanza sisi ilitoka kurasa kadhaa, msishtuke, gawaneni, kila karani achukue zake, apige simu kwa wahusika, apange tarehe. Ile ya mirathi ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza na namba moja ya simu kati ya zilizokuwa kwenye jalada bado ilikuwa inaita. Mpaka Ijumaa orodha iwe tupu, na kama kuna iliyobaki, aliyenayo aandike pembeni ya namba yake kwa nini, Jumatatu inayofuata mfawidhi anaanzia hapohapo.